Jina Langu Juu ya Kazi ya Zuhura

Kwenye msiba wa Mzee Masanja, kule Nkoma, mjane alimshika Zuhura mkono kabla ya kunishika mimi. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililoniuma kwanza, Mungu anisamehe, kabla hata ya kuliona jeneza. Mimi nilikuwa nimefika tangu asubuhi kutoka Bariadi. Nimekaa mkekani na akina mama, nimemenya viazi mpaka vidole vimekuwa vyeusi, na hakuna aliyeniuliza hata jina. Yeye akatokea Tanga, kalala njiani, akashuka kwenye pikipiki saa saba mchana mtandio umejaa vumbi, na mjane ambaye tangu jana yake hakuwa ameinuka kwa ajili ya mtu yeyote akainuka akamwendea. "Wabeja kuja, ng'wanone," akamwambia, yaani asante kwa kuja, mwanangu. Na Zuhura akamjibu kwa Kisukuma! Kisukuma cha kuvunjavunja, chenye sauti ya Tanga ndani yake, lakini akina mama wote wakageuka kumwangalia kwa mapenzi. Hatukuwa tumeonana miaka kumi na moja. Nakaribia arobaini, nina watoto wawili na nyumba yenye bati jipya, lakini pale mkekani wivu ulinipanda vile vile kama zamani. Baada ya mazishi tulikaa wawili tukala, na aliyoniambia pale ndiyo yaliyonifanya niandike habari za mwaka ule. Nitayafikia.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na saba, na cheo changu kilikuwa msimamizi wa mfumo. Ukikisikia unaweza kudhani nilikuwa na ofisi yenye kiyoyozi. Ulikuwa ni mradi mdogo wa kuwafundisha wakulima wa pamba kupanda kwa mistari na kupulizia dawa kwa wakati, na makao makuu yake yalikuwa Mwanza. Wakubwa wa Mwanza walituletea programu ya kompyuta ya kusimamia kazi za mradi. Kila kazi, iwe kutembelea shamba au kukutana na kikundi, ilifunguliwa mle ndani, ikapewa mtu, na ikiisha inafungwa kwa jina la aliyeifanya. Kila mfanyakazi alikuwa na akaunti, na kila akaunti ilikuwa na ukurasa wake wa mwenyewe, tukiuita profaili: jina, cheo, barua pepe, picha. Kazi yangu ilikuwa kuzifungua akaunti hizo, kuzijaza, na kuwabadilishia watu paswedi wakisahau. Na jamani, walisahau. Kila Jumatatu kulikuwa na mtu amesahau paswedi yake, na wengine waliisahau siku ile ile niliyowapa, mchana wake.

Ofisi ilikuwa nyumba ya kupanga, mtaa wa nyuma kidogo ya soko la Bariadi. Sebule ndiyo ilikuwa ofisi yetu, meza tatu na kompyuta mbili, na mapazia ya maua ambayo mwenye nyumba alikataa tuyatoe. Chumba kimoja kilikuwa cha Mratibu, bosi wetu, mtu mpole wa Moshi ambaye tangu mfumo uje hakuwahi kuufungua hata siku moja, alikuwa akiniambia, "Minza, nichapie tu, mimi nisome." Chumba cha pili kilikuwa stoo ya mabomba ya kupulizia dawa, na harufu ya dawa ya pamba ilitoka mle ikaingia kwenye nguo zetu, ikaingia mpaka kwenye chai. Kati ya meza yangu na chumba cha Mratibu palikuwa na ukuta wa mbao nyembamba, uliowekwa tu kugawa chumba. Mtu akikohoa upande ule, mimi huku namjua kama kohozi limetoka au halijatoka. Jikoni kulikuwa nyuma, na meza ndefu ya kulia chakula, na ndiko mambo yote ya ofisi yalikozungumzwa.

Vijijini tulikuwa na wakulima wawezeshaji tisa, wakulima wa kawaida waliofundishwa ili nao wawafundishe wenzao. Walikuwa Nkoma, Kalemela, na huko pembezoni mwa Nyalikungu. Kila mmoja alikuwa na akaunti kama mimi na wewe, lakini simu zao zilikuwa za tochi. Kwa hiyo tulijitengenezea utaratibu wetu. Jioni wananipigia, wananisomea walichofanya, na mimi naingia kwenye akaunti ya kila mmoja kwa paswedi yake, niliyoiandika kwenye kaunta buku langu, naijaza kazi kana kwamba ni yeye. Mzee Masanja wa Nkoma alikuwa kiongozi wao na ndiye aliyekuwa na maneno mengi. Yeye bila salamu kamili haanzi kitu. "Mwadila, mayu." Mwadila, baba. Wazima huko? Ng'ombe? Mvua? Mama yako? Vocha inakatika yuko kwenye mvua. Inabidi mimi nimpigie, na akipokea anaanza upya, "Mwadila, mayu." Nilikuwa nakaa pale mpaka giza linaingia, nikiwa mara Masanja, mara mama wa Kalemela, mara kijana wa Nyalikungu, na nikimaliza kuwa watu tisa sina nguvu ya kuwa mimi. Akaunti yangu mwenyewe sikuijali. Ningeijazia nini? Kwamba leo nimechapa?

Zuhura alikuja mwezi wa tatu wa mradi, afisa kilimo, ana shahada, mkubwa kwangu kwa miaka miwili, kwa hiyo nilimwita dada na roho ikiniuma. Aliingia wakati nimeshapiga watu wote picha za profaili, na picha hizo zina hadithi yake. Makao makuu walisema tuvae kiofisi. Koti la suti lilikuwa moja tu, la Mratibu, kwa hiyo kila aliyekuja kutoka kijijini alivalishwa lile lile, akasimamishwa kwenye ukuta mweupe wa sebule, nikampiga. Ukifungua orodha ya ofisi ya Bariadi ulikuwa unaona watu kumi wenye vichwa tofauti na koti moja. Mzee Masanja lilimbana, mimi lilinimeza. Mabega yalining'inia nikaonekana nimevaa la marehemu. Zuhura nilipompa alicheka. "Koti la Mratibu? Shoga, acha, nitapotelea humo." Akaenda kusimama mlango wa nyuma, penye mwanga, na mtandio wake wa njano, akaniambia piga. Nikapiga mara moja tu. Sikutaka itoke vizuri, nasema ukweli, na ikatoka vizuri. Kesho yake Mwanza waliandika, "Bariadi mna picha nzuri sana." Miezi miwili tuko mle na makoti yetu, hakuna aliyesema neno.

Halafu akaniingilia jikoni. Kabla yake tulikuwa tukila nilichopika mimi au mama mmoja wa jirani, ugali na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, na siku nyingine matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, na karanga. Watu walikuwa wakila na kushukuru. Zuhura akaanza kuagizia nazi Mwanza, zinakuja na basi, mbili mbili kwenye mfuko, anazikuna mwenyewe juu ya mbuzi aliyekuja naye toka kwao. Wali wa Simiyu, mchele wetu wenyewe huu, akaupika ukanuka mpaka barabarani. Mratibu akaanza kula ofisini hata Jumamosi! Mzee Masanja alikuwa akija mjini kila Ijumaa kuleta karatasi za vikundi, na alikuwa na mazoea ya kukaa na mimi mezani kwangu. Sasa akishuka kwenye baiskeli anauliza, "Leo kuna wali?" Ni yeye aliyeanza kumwita Zuhura ng'wanone. Mimi Msukuma mwenzake, niliyemsikiliza habari za ng'ombe wake jioni zote zile, alikuwa akiniita mayu, jina la heshima ambalo angempa mwanamke yeyote. Na mbaya zaidi Zuhura alikuwa akinipenda. Aliniomba nimfundishe kutengeneza matobolwa. Nikaona ananikejeli, nikamwambia ni kazi ya shamba hiyo, utachafua kucha. Akaziangalia kucha zake. Sasa hivi nikikumbuka uso ule najua hakuwa akikejeli. Wakati ule nilifurahi.

Kazi aliijua, hilo sikatai, na ndilo lililonichoma kuliko wali. Alienda mashambani kwa pikipiki kwenye udongo ule mweusi wa mbuga ambao mvua ikinyesha unashika tairi mpaka linagoma kuzunguka, akawa anashuka, anachokonoa tope kwa kijiti, anapanda tena. Akirudi anakaa kwenye kompyuta na matope yake, anajaza kazi zake mwenyewe, moja moja, na picha za mashamba. Sikuwahi kumchapia Zuhura hata mstari mmoja. Naomba msomaji akumbuke hilo.

Siku moja, mwezi wa tisa au wa kumi, nimekaa mezani kwangu nakunywa chai, nikamsikia Mratibu upande wa pili wa mbao anaongea na simu na mkubwa wa Mwanza. "Zuhura? Aisee, yule ndiye injini ya ofisi hii. Bila yeye tungekuwa tumefunga." Akasikiliza kidogo. "Nani, Minza? Ah, Minza ni msichana mzuri. Anatusaidia kuchapa." Basi. Anatusaidia kuchapa! Chai ilinipalia. Nilitoka nje nikasimama nyuma ya stoo, harufu ya dawa ile, nikalia kwa hasira, halafu nikanawa uso kwenye pipa nikarudi kumbadilishia mtu paswedi.

Wiki chache baadaye Mratibu alituita jikoni, mimi na Zuhura, akatueleza kwamba mradi unaisha mwezi wa kumi na mbili na awamu mpya itakuwa Mwanza, na kutoka Bariadi watachukua mtu mmoja tu. Mkataba wa miaka mitatu, bima, nyumba. Wengine wote tunaagana. "Na hakuna kujuana," akasema, amefurahi kwa ile haki. "Wataangalia mfumo tu. Nani amefunga kazi ngapi mwaka mzima. Ijumaa ya mwisho saa sita mchana mfumo unafungwa, hakuna kuingiza kitu tena, na Jumatatu asubuhi wao Mwanza wanatoa orodha." Nilienda moja kwa moja kwenye kompyuta nikaitafuta hiyo orodha, maana nilikuwa na ruhusa ya kuona kila kitu. Zuhura alikuwa wa kwanza. Mzee Masanja wa pili, na kila alichofunga kilitoka kwenye vidole vyangu. Wengine wa vijijini wakafuata, vidole vyangu, vidole vyangu, vidole vyangu. Mimi nilikuwa wa mwisho, na kazi zangu zilikuwa chache hata aibu kuzitaja. Mwaka mzima nimekuwa watu tisa, na Minza hayupo. Ningemweleza Mratibu, labda angenisikia. Sikumweleza, kwa sababu nilijua angesema, "Pole, lakini hata hivyo Zuhura amestahili," na sikuwa tayari kuyasikia maneno hayo yakitoka kwenye kinywa cha mtu.

Njia nilionyeshwa na Mzee Masanja bila yeye kujua. Alikuja Ijumaa moja na malalamiko. Kwenye karatasi za mfumo ameandikwa Masanja tu. "Mayu, Nkoma kuna Masanja wangapi? Mimi ni Masanja ng'wana Luhende. Mtu akisoma hapa atajuaje kama ni mimi au ni yule mlevi wa kwa Njile?" Alitaka jina la baba yake liwekwe, na alikuwa na haki, kwetu mtu hatajwi hivi hivi bila baba yake. Nikafungua profaili yake, nikaongeza jina la baba, nikabonyeza hifadhi. Halafu nikamfungulia kazi zake za nyuma ili aone. Zote zilikuwa zimebadilika. Kazi ya mwezi wa kwanza, ya mwezi wa nne, zote sasa zinasomeka Masanja ng'wana Luhende, kana kwamba hakuwahi kuitwa vingine. Mzee alipiga makofi kwa furaha. Mimi nilizirudia tena, moja moja. Nikaelewa kwamba kazi imefungwa kwenye akaunti, jina ni kitu cha kubandika tu juu yake, na mwenye ruhusa ya kubandua na kubandika ofisi nzima ni mimi peke yangu.

Sikufanya siku hiyo. Nilikaa nalo wiki kadhaa, nikilipika. Nilijiambia kwamba narudisha jasho langu. Lakini ngoja niseme kweli hapa, maana nimezeeka vya kutosha kusema. Kama ningetaka jasho langu ningechukua akaunti ya Mzee Masanja, ambayo kila herufi yake niliichapa mimi, na yeye mkulima hakuwa akigombea kazi Mwanza, asingepoteza kitu. Ilikuwa ya pili kwenye orodha. Na kama Zuhura angebaki wa kwanza, basi, angekuwa amenishinda kwa haki. Wala wazo hilo halikukaa kichwani mwangu hata dakika. Nilitaka ya Zuhura. Nilitaka mashamba aliyoyatembea, na tope alilochokonoa, na zile picha alizopiga, viwe na jina langu juu yake, hata kama ni kwa siku tatu.

Ijumaa ile ya mwisho niliusubiri mfumo ufungwe, saa sita kamili. Kilichofungwa ni kuingiza kazi tu, profaili kwa msimamizi zilibaki wazi, na Zuhura hakuwa na sababu ya kuingia tena akaona. Zuhura alikuwa jikoni anapika wali wa kuagana. Mratibu alikuwa kaenda benki. Nikafungua profaili yake na ya kwangu pamoja. Jina lilikuwa rahisi, nikafuta Zuhura nikaandika Minza. Cheo, rahisi. Barua pepe ikagoma, kwa sababu mfumo haukubali akaunti mbili ziwe na barua pepe moja, ikabidi nibuni ya uongo ya kupitia, niihamishe yake, niihamishe yangu, halafu nifute ile ya uongo. Nikakosea mara mbili. Mwisho ikabaki picha. Nikaondoa ule mtandio wa njano, nikaweka mwanamke aliyemezwa na koti la Mratibu, na akaenda kukaa kileleni mwa orodha, juu ya kazi zote zile, ananiangalia. Upande wa pili, mtandio wa njano ulishuka mpaka mkiani. Nilijisikia vizuri. Ningependa kuandika kwamba nilijuta papo hapo, lakini hapana, nilijisikia vizuri kuliko siku yoyote ya mwaka ule, na nikainuka nikaenda kula.

Jumatatu asubuhi Mwanza walichapa orodha yao kutoka kwenye mfumo, na kufika saa tano nilikuwa nimesharudisha kila kitu mahali pake. Jumatano jibu likaja. Mratibu alitoka chumbani kwake na karatasi, ananitazama kama mgeni. "Minza! Kumbe ni wewe!" Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Alikuwa na aibu, maskini, alidhani amenidharau mwaka mzima. Zuhura akaniambia, "Hongera, mwenzangu." Hakunikumbatia, na nikajisemea, hee, kumbe naye ana wivu, na hilo nalo likanifurahisha. Alikusanya vitu vyake siku hiyo hiyo. Mbuzi wake wa kukunia nazi alimwachia mama wa jirani.

Nilikaa Mwanza miaka mitatu. Nyumba ilikuwa nzuri, bima ilifanya kazi, na mimi nilikuwa nikilala na Zuhura kichwani. Kila nikisifiwa nasikia wanamsifu yeye. Kila nikikosea nafikiri, angekuwa yeye asingekosea. Wivu niliodhani nitaumaliza nikishachukua chake, ndiyo kwanza ukapata nyumba ya kukaa. Mkataba ulipoisha sikuomba tena, nikarudi Bariadi, nikafungua duka la pembejeo, nikaolewa, nikanenepa. Zuhura nilisikia anafundisha chuo cha kilimo huko kwao, na anapendwa na wanafunzi. Bila shaka anapendwa.

Sasa turudi Nkoma, msibani. Baada ya mazishi walitupa sahani moja, ugali na nyama, tukakaa kwenye viti vya plastiki nyuma ya jiko la wageni, mimi na yeye. Tulizungumza habari za Mzee Masanja, jinsi alivyokuwa akimaliza vocha kwa salamu, tukacheka mpaka akina mama wakatukodolea macho. Nikaona mambo ni shwari. Nikamuuliza habari za chuo. Akanijibu. Halafu akanawa mkono, akaufuta polepole kwenye mtandio, akasema bila kunikazia macho, "Minza, unajua mfumo ule ukibadilisha barua pepe ya mtu, huwa unatuma ujumbe kwenye ile ya zamani?"

Sikujua. Mwaka mzima nilikuwa msimamizi wake na sikujua, kwa sababu hakuna aliyekuwa na barua pepe inayofanya kazi isipokuwa mimi na yeye, na ya kwangu sikuwahi kuibadilisha kabla ya siku ile. Za kwangu zilizokuja Ijumaa ile sikuzifungua, nilidhani ni takataka za kompyuta.

"Ulinijia kwenye simu Ijumaa ile tukiwa tunakula," akasema. "Na Jumatatu ukaja mwingine. Sikuelewa maana yake mpaka Jumatano Mratibu aliposoma ile karatasi."

"Kwa nini hukusema?" nikamuuliza.

"Nilisema, shoga. Nilimfuata Mratibu chumbani kwake, nikamwambia akaunti yangu imechezewa. Akaniambia, 'Zuhura, usiwe na wivu. Mambo ya akaunti anayajua Minza, muulize Minza.'" Akatabasamu kidogo, si kwa furaha. "Na wewe nilikuwa nimeshakuuliza."

Msomaji atasema sikumwandikia hilo huko juu. Niliandika kwamba niliinuka nikaenda kula, nikaruka moja kwa moja mpaka Jumatatu. Niliruka makusudi. Nimeiruka sehemu hiyo miaka kumi na moja, kila nikijisimulia mwenyewe, mpaka nikakaribia kuamini kwamba haipo. Zuhura akanitajia maneno ya ule ujumbe, anayakumbuka yote: barua pepe ya akaunti yako imebadilishwa, kama si wewe uliyefanya mabadiliko haya, wasiliana na msimamizi wa mfumo wako. "Nikainua macho," akasema, "na msimamizi wa mfumo alikuwa mbele yangu."

Ndivyo ilivyokuwa. Tulikuwa wawili tu mezani. Wali ulikuwa wa nazi, na samaki sato wa kukaanga, na alikuwa amenitengea kichwa kwa sababu alijua napenda kichwa. Simu yake ikalia kidogo pembeni ya sahani. Akaisoma, akakunja uso, akaisoma tena. Halafu akaniangalia bila shaka yoyote usoni, kama mtu anavyomwangalia fundi wake, akaniuliza, "Minza, hebu niambie, akaunti yangu iko sawa?"

"Iko sawa, dada," nikamwambia, nikamsogezea sahani aniongezee wali.

Akaniongezea.